Munganga wa Kifundo cha Mama Ndaya

Munganga, tabibu wa viungo anayemjia Mama Ndaya kule mtaani Kapata, huvua viatu mlangoni, hufikicha viganja mpaka vipate joto, ndipo aguse kifundo cha mguu kilichokakamaa kwa uzee. Hupitisha kitenge chini ya wayo, humpa mama ncha zote mbili, avute vidole kuelekea kwake. "Usikaze, mama. Wacha muguu ikuje yenyewe." Sauti yake haipandi hata mama anapoguna. Kisha humsimamisha mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, wakapumua pamoja.

Kwa muda mrefu Ndaya hakuweza kuchuchumaa kwenye mbabula yake, jiko la makaa. Majirani ndio waliompikia. Jana asubuhi aliona makaa yanafifia, akashuka mwenyewe taratibu, visigino vyote vikibaki chini. Munganga alinyoosha mikono amdake, halafu akaificha nyuma ya mgongo na kuibana huko mpaka mama alipomaliza kupuliza moto.

"Ikala, mutoto yangu," Ndaya alimwambia, macho yamemjaa machozi. "Leo utakula bukari yenye nimepika mi mwenyewe."

Munganga akakaa, akala ugali huo, akaomba aongezwe.