Sinia la Adhuhuri

Mwanasaumu wa Mtongwe, tangu usichana wake, alifunga kuliko wote nyumbani. Alianza na Jumatatu na Alhamisi, kisha zikafuata siku zote zilizobaki. Bibi yake, Mwanatatu, akamsifu mbele za watu: "Mtazameni mjukuu wangu, dunia haimtamanishi." Hakuna aliyeuona ugonjwa. Zamani nyumba ile ilikula sinia moja, na mkono uliosita ulisukumiwa tonge. Halafu zikaja sahani za plastiki, kila mtu na yake, kila mtu na siri yake, nasi tukaita hayo ustaarabu.

Mwaka wa themanini na tano alizimia penye kisima. Baada ya miezi minne hospitalini alirudi na amri ya daktari: asifunge tena, hata Ramadhani.

Miaka minane aliishika amri. Lakini njaa haikumsahau. Ilimjia mchana kama ndoto: mwili mwepesi kama usufi, masikio yamejaa ukimya mtamu, ukuta wa chokaa ukimeremeta kana kwamba taa imewashwa ndani yake.

Ramadhani ya tisini na tatu, jirani yake Mwanarehema alimcheka uani. "Shoga, udhuru wa mwezi mzima? Wallahi, wewe umewazidi wanawake wote wa Likoni!"

Kesho yake Mwanasaumu hakupika. Siku moja tu, alijiambia. Kufikia adhuhuri alikuwa anaelea, na utamu ule wa kale ulimwita kwa jina.

Akamkuta bibi yake ameegemea ukuta, midomo imepasuka.

"Bibi! Shehe si alikuruhusu kula? Miaka themanini na mitatu!"

"Nile peke yangu kama mwizi? Mbona wewe leo jiko lako baridi?"

Mwanasaumu alisimama kitambo, mwepesi, akitamani asitue. Kisha akalishusha sinia la shaba lililotundikwa kama pambo, akalipangusa vumbi, akawasha jiko.

Wali ulipopakuliwa, mkono wake ulisita. Bibi akamsukumia tonge.

"Ulimi wangu ndio uliokusifu, mwanangu. Kula."

Tonge lilikuwa zito kama jiwe. Akalitafuna. Bibi naye akatafuna, taratibu, wakingojeana.

"Hodi!" Sauti ya Mwanarehema, nje ya pazia.

Mwanasaumu akamtazama bibi yake, kisha akaitikia kwa sauti iliyofika barabarani:

"Karibu! Tunakula."