Kisanduku cha Mhasibu

Mhasibu wa kiwanda cha meli, pale Ulsan, hubonyeza kitufe kwa kidole chake kidogo, kama anayeonja chumvi. Kila akibonyeza, lahajedwali lake la kompyuta huzicheza upya mechi zote za soka za kundi la Korea, nambari zikirukaruka safu kwa safu, naye huguna "mm" ileile, Korea ishinde isishinde. Jioni ya mechi ya mwisho, ambayo Korea ilikuwa lazima ishinde ili ivuke kundi, wenzake walijazana ukumbini na kuku wa kukaanga na bia. Yeye alibaki mezani. Miryong, jirani yake wa meza, akatumwa kumwita, akachungulia kompyuta. Palikuwa na nguvu ya timu, uchovu, mvua, na chini kabisa kisanduku kimeandikwa "Mimi kutazama", ndani yake sifuri.

"Bwana Mhasibu, hiki nacho ni nini?"

"Nikitazama, tunafungwa. Tangu nikiwa shule."

"Na hesabu zote ulizosoma!"

"Ndiyo maana nimekitia kwenye hesabu."

Miryong akacheka, akafuta sifuri, akaandika moja, akabonyeza. Nafasi ya Korea kuvuka ikaporomoka kutoka theluthi hadi karibu na hamna. Mara ukumbi ukalipuka: Korea moja, Ekwado bila. "Mhasibu, njoo uone, acha ushamba!" meneja akaita. Mhasibu akainuka nusu. Miryong, asiyeamini hata ndoto zake mwenyewe, akaurudisha mlango wa ukumbi taratibu mpaka ukafungika, akabaki naye upande wa huku.