Mara ya Tisa

Hakuna kitu kilichoingia kinywani mwa Kuang Yuexian kabla hajauliza, "Asili yake nini?" Aliwauliza wauza kaa, akawauliza wauza matunda ya lichi, na siku ya harusi ya mwanawe aliulizia hata keki. Kwa tiba ya kwao, kaa ni baridi, lichi ni moto. Ya keki haikujulikana, kwa hiyo hakuila.

Neno lenyewe, xing, yaani baridi au moto anaozaliwa nao mtu au mzizi, lilimwendeshea duka lake la mitishamba pale Shunde, kusini mwa China, miaka arobaini. Hata mnunuzi mmoja kutoka Vietnam, asiyejua kuomba maji ya kunywa kwa lugha yetu, alilitambua, maana hata kwao lipo, kwa matamshi yao. Kwa neno hilo moja na vidole viwili juu ya mshipa wa mkono wake, Yuexian akamweleza kwamba yeye ni wa moto na ataota vipele. Akaviota.

Mkaza mwana wake, Ou Lizhu, alihukumiwa siku ya kwanza, alipomwandalia mama mkwe chai kwa mikono miwili. Mzee akaigusa ile mikono. Baridi. Tangu hapo kila kikombe cha Lizhu kikatiwa tangawizi, na chungu cha mvuke cha kupikia dawa akakatazwa kukigusa. Naye katika nyumba ile alitamani kitu kimoja tu, chungu hicho, maana aliyekishika ndiye mwenye duka.

Kila mwaka mizizi ya dawa iitwayo dihuang ilipoletwa, Yuexian aliipika kwa mvuke, akaianika, akaipika tena, mara tisa, hata ile iliyochimbwa ikiwa baridi ikageuka vuguvugu, nyeusi na tamu. Lizhu alichochea kuni. Mwaka wa kumi na moja kunyamaza kukamshinda.

"Mama, si unasema asili haibadiliki?"

"Ya mtu haibadiliki."

"Na ya mzizi?"

"Mzizi haujibizani na wakwe."

Lizhu akarudi kwenye kuni zake. Akaendelea kujifunza kwa macho na pua: mvinyo wa mchele unamiminwa kiasi gani, mvuke wa tano unanukaje. Watu walisema mtu wa baridi ana subira, lakini kwa mama mkwe hiyo haikuwa sifa, ilikuwa dalili.

Mwaka wa kumi na tisa mzee alilazwa, moyo umechoka, mizizi ikiwa imepikwa mara saba tu. Akamwuliza muuguzi asili ya dripu. Muuguzi akajibu kwamba ni maji ya chumvi. Baridi hiyo, akasema Yuexian, akataka ing'olewe. Lizhu akaufumbata mrija kiganjani ili maji yapate joto kabla hayajamfikia, akakaa hivyo alasiri nzima. Mzee aliitazama ile mikono, mpaka akaikumbuka mizizi yake, akauliza kama imeoza.

"Jana nimeipika mara ya nane, Mama," akasema Lizhu. "Sikutumwa."

Akaanza kupanga maneno ya kuomba radhi.

"Ya tisa usiiharakishe," akasema Yuexian. "Asili yako naijua, wewe ni wa moto."