Simu Niliyochelewa Kupiga

Nina vyumba sitini na vinne pale Gatongora, na shule niliachia darasa la sita. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilirithi. Nilianza kwa kupasua mawe kwenye machimbo, na nikanunua ploti yangu ya kwanza wakati wenzangu waliosoma walikuwa bado wanatafuta kazi na bahasha mkononi.

Watu huniuliza siri yangu. Siri ni simu. Mtu akija kutaka nyumba, simuulizi anafanya kazi gani. Namuuliza, "Umetoka ploti gani?" Kisha nampigia landilodi wa huko. Sisi tunajuana, kuanzia Ruiru mpaka Thika. Dakika mbili tu, nishajua kama ni mlevi, kama hupiga mke, kama alihama na kitasa cha mlango. Kwa kazi yetu mtu ni kule alikotoka. Hayo mengine ni mdomo.

Kuna mwanaume mmoja ambaye sikumpigia landilodi wake simu. Alikuja Jumapili nikitoka kanisani, amevaa tai, yuko na mkewe na msichana wa miaka minane, mtoto wa huyo mke. Aliniita mheshimiwa. Nikampa funguo.

Miezi saba baadaye nilikuwa juu ya ngazi ya tangi, naangalia kwa nini maji hayapandi. Chini, karibu na kamba za nguo, nikamwona anamchapa yule mtoto mgongoni na waya wa stima. Mara nne. Mtoto hakulia, na hiyo ndiyo ilinitoa ngazini mbio. Nilimshika huyo mtu mwenyewe, keateka, mwangalizi wa ploti yangu, akaita polisi, mtoto nikambeba mpaka hospitali.

Jioni hiyo ndipo nikapiga ile simu. Landilodi wake wa zamani kule Gitothua hakusita hata kidogo.

"Huyo? Nilimfukuza. Alimchoma mkono mtoto wa mwanamke mwingine na pasi. Si ungeniuliza?"

Si ungeniuliza. Hayo maneno nililala nayo, nikaamka nayo, nikaenda nayo kortini Thika.

Mtoto alitoa ushahidi kwanza, milango imefungwa, asubuhi nzima. Mama yake alikuwa amebaki upande wa mume, kwa hivyo mtoto alikuwa anakaa na shosho, bibi yake, kule Ngoingwa. Shosho alisema siku mbili baada ya korti mtoto hakugusa chakula.

Siku yangu ilipofika, kiongozi wa mashtaka alinikalisha kwenye benchi nje. Dada mdogo, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza.

"Mzee, mambo ya Gitothua uyaache hapa kwa benchi."

"Kwa nini? Si ndiyo yanaonyesha ni mtu wa aina gani?"

"Uliambiwa, hukuyaona. Na hata ungeyaona, hashtakiwi ya Gitothua. Hakimu akiyasikia, wakili wao atasema ameshamchukia mtu kabla ya kupima kesi. Ataomba ianze upya kwa hakimu mwingine."

"Na ikianza upya?"

"Mtoto anarudi pale mbele. Anasema yote tena."

Nikamwambia nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa kweli.

Wakili wa yule mtu alikuwa mpole. Wapole ndio hunishinda. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Aliniuliza miwani ya nini. Kisha akasema, "Bwana landilodi, huenda uliona tu mzazi akimrudi mtoto wake, kama wazazi wengine."

"Kumrudi?" nikasema. "Muulize yule mtoto wa Gitothua aliyechomwa na huyu kwa pasi kama alikuwa anarudiwa."

Wakili hata hakukasirika. Alisimama polepole, akafunga kifungo cha koti, akaomba hakimu ajiondoe na kesi ianze upya. Hakimu aliweka kalamu chini. Alisema atatoa uamuzi baada ya wiki mbili, na mimi, kwa vile ushahidi wangu haujaisha, nisizungumze na mtu yeyote kuhusu kesi. Yule dada wa mashtaka alipita karibu nami bila kunitazama.

Wiki hizo mbili sikukaa chini. Nilipaka geti rangi, nikalipaka tena. Nilipanda ile ngazi ya tangi bila kazi yoyote huko juu. Mke wangu aliniambia, "Wewe, hebu keti, unanizungusha kichwa." Nilikuwa nabishana na hakimu peke yangu, njiani, nikinyoa ndevu. Kwenye kamati ya ploti, wapangaji wakigombana, tunaanza na historia ya kila mmoja, na hakuna amewahi kusema tunaonea mtu.

Halafu nikakumbuka ukuta wangu. Zamani, kwa nyumba yangu ya kwanza, ukuta ulianguka. Hakuna aliyeumia. Lakini mpaka leo, ufa ukitokea popote kwangu, hata wa plasta tu, watu husema ni yule jamaa wa ukuta. Hawaji kuangalia ufa wenyewe. Nilikaa na hilo, na sikulipenda.

Nikapeleka unga Ngoingwa. Shosho alikuwa anachambua maharagwe uani.

"Umekuja na unga," akasema. "Mdomo umeuacha wapi?"

"Shosho, nimekatazwa kuzungumza mambo ya kesi."

"Sasa ndiyo umekatazwa."

Mtoto alikuwa mlangoni na daftari. Aliponiona, mimi niliyembeba mikononi, aliingia ndani.

"Kila jioni ananiuliza kama atarudi pale," shosho akasema. "Nimwambie nini?"

Nikaweka unga chini, nikaenda zangu.

Siku ya uamuzi hakimu alisoma taratibu. Alisema hawezi kusema hakusikia, lakini anajua anachoruhusiwa kupima na asichoruhusiwa. Maneno yangu ya Gitothua yamefutwa, hatayatumia. Kesi ni ya asubuhi moja Gatongora. Mtoto ameshasema mara moja, na haoni sababu ya kumsemesha tena. Kesi inaendelea. Kisha akanigeukia: "Shahidi, jibu unaloulizwa."

Wakili akarudi na upole wake. "Ulikuwa mbali kiasi gani?"

"Hatua kumi na mbili. Nimezipima."

"Na miwani?"

"Ni ya kusoma. Na mimi sisomi sana."

Mtu akacheka nyuma.

"Uliona nini?"

"Waya mweusi. Mgongoni. Mara nne."

"Na lingine?"

Alingoja. Alisimama pale ametulia kabisa, amenitazama, na nilijua anangojea nini. Yalinijaa kifuani: pasi, mkono wa yule mtoto mwingine, na ile simu yangu. Nilishika ubao wa kizimba mpaka vidole vikauma.

"Hapana," nikasema. "Niliyoyaona ni hayo."

Nje shosho alikuwa amesimama, hajakaa kwenye benchi.

"Anaitwa tena?"

"Haitwi."

Hakunishukuru, wala sikungoja anishukuru. Alijifunga leso vizuri, akasimamisha bodaboda, akamwambia ampeleke Ngoingwa kabla shule haijatoka.