Sakafu ya Duane

Arlys Lahti alizaliwa na haraka zake. Mama yake alimzaa ndani ya gari kabla ya kufika hospitali ya mji wa Duluth, Marekani. Alipika shuleni mpaka akastaafu, alikula amesimama, na waume zake wawili waliondoka wakiwa hoi. Kitu pekee kilichoiweza kasi yake kilikuwa gemu la mafumbo la kompyuta, alilocheza na mdogo wake Duane tangu ujana wao.

Gemu lenyewe ni kijitu kinachotafuta mlango wa kutokea. Kwenye sakafu ya kawaida kinakwenda kigae kwa kigae, na ukitaka kisimame kinasimama. Kwenye barafu na kwenye mikanda inayojiendesha kinabebwa kwa kasi maradufu, kusimama hakuna. Mkanda unakuruhusu kuchomoka pembeni, lakini ubonyeze kitufe pale pale, ukichelewa umeshapitishwa. Arlys alikuwa bingwa wa kuchomoka. Duane alipenda sakafu: anasimama, anakunywa kahawa, anakuna kidevu.

"Umelala?" Arlys humuuliza.

"Nafikiri. Nawe jaribu siku moja, haiumi."

Kisha Duane akashikwa na ule ugonjwa unaoua misuli, ukaanzia mikononi. Arlys si mtu wa kulia, kwa hiyo akamtungia fumbo. Wapenzi wa gemu hilo hutungiana, na hakuna heshima kubwa kuliko fumbo kubeba jina lako. Akalijaza mikanda na barafu, ili kijitu kibebwe karibu safari nzima na Duane abonyeze mara chache tu. Alifurahi sana na ujanja wake.

Duane akajaribu. Kijitu kikaipita kona, kikatumbukia kwenye maji yaliyo mwisho wa mkanda. Akarudia, kikatumbukia tena.

"Sasa! Bonyeza sasa, Duane!"

"Nimebonyeza."

"Umechelewa."

"Najua nimechelewa! Si ndiyo ugonjwa wenyewe?" Akausukuma ubao wa vitufe kwa kiwiko. "Kwenye sakafu hata mwenye kidole kimoja anafika. Wewe umenipandisha kwenye kitu kisichosubiri mtu. Nani alikwambia mimi nataka kubebwa?"

Ulikuwa upumbavu ambao bingwa peke yake angeweza kuufanya. Arlys alipunguza vitufe vya kubonyeza, akasahau kwamba mkanda unapunguza na muda wa kuvibonyeza. Alirudi nyumbani na aibu yake, akang'oa mikanda yote, akatandika sakafu tupu, akaiondoa na saa ya gemu inayohesabu muda. Kutunga kitu cha polepole kulimtesa. Alibomoa, akajenga, akabomoa tena, na alipokuja kuridhika, vidole vya Duane vilikuwa haviinuki kabisa.

"Basi mimi mikono, wewe kichwa," Arlys akamwambia, akiwa ameketi kando ya kiti chake cha magurudumu.

Duane akacheka. "Afadhali. Kichwa chako sikiamini."

Wakaanza. "Ku...lia," akasema Duane, ugonjwa ulikuwa umeshaugusa na ulimi. Arlys akabonyeza. Duane akanyamaza, anaitazama njia, anaonja ile raha yake ya kusimama. Kidole cha Arlys kikasogea.

"Sijasema."

"Samahani, mdogo wangu. Endelea."

"Ju...u." Akanyamaza tena, akatabasamu, alikuwa ameona kitu. Arlys naye alikuwa amekiona, maana alikijenga mwenyewe, na mkono wake haukuwahi kungoja mtu maishani. Juu, kushoto, kushoto, chini. Hakujua alichokifanya mpaka kompyuta ilipopiga muziki wa ushindi.

Fumbo la Duane lilikuwa limekwisha, na Duane alikuwa amesema maneno mawili.

"Hongera," akasema Duane.

"Tuanze upya. Haki ya Mungu safari hii nitangoja."

"Nige...uze dirishani."

Akamgeuza. Akapiga magoti mbele yake, akamshika ile mikono iliyolala, akambembeleza wee. Duane alifungua kinywa, akatafuta neno, akalikosa, akalitafuta tena. Arlys aliuma midomo asimmalizie neno.

"Huwezi kungoja, dada," akasema Duane hatimaye, na hawakucheza tena.