Ng'ombe Asiende Ziwa

Nimeishi katika miji mingi kuliko jozi za viatu nilizonazo, na katika kila mji kuna duka la chakula cha mifugo ambalo hunisimamisha mlangoni. Ni ile harufu ya molasi, nzito na tamu, kama sukari iliyoungua kidogo. Nikiinusa tu, sipo tena nilipo. Niko kwetu Kiplombe, nina miaka minane, na ng'ombe wetu Kahawa analamba kiganja changu kwa ulimi wake wa msasa.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao mjini Eldoret, lakini ukweli ni kwamba Kahawa, ambaye Baba alimkamua kila alfajiri, ndiye aliyetulea. Mwaka huo tumbo la Baba lilianza kumsumbua hadi akawa anatembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Daktari akasema lazima apasuliwe.

Alasiri moja kabla ya kwenda hospitali, Baba alikuwa jikoni akiota moto, Mama akisonga ugali. Mimi nilikuwa mlangoni nikipukuchua mahindi. Baba akasema polepole, "Nikifa huko, Kahawa apelekwe kijijini Ziwa, kwa Dada."

Mama aliangusha mwiko. "Ushindwe! Maneno kama hayo huita."

"Kusema hakuiti kitu, Mama Nasimiyu. Ingekuwa hivyo, si kila Machi tungekaa tu hapa tukisema mvua ikinyesha, mvua ikinyesha, mpaka shamba lilowe?"

Mama hakucheka. Kwetu mgonjwa hatajiwi kifo, hata kwa mzaha, hata na yeye mwenyewe.

Nami nikaondoka na maneno yale, nikawa nayageuzageuza kama mtoto anavyogeuza jiwe aone kilichojificha chini. Baba akifa, Kahawa ataenda Ziwa. Basi Kahawa akienda Ziwa, Baba amekufa. Na Kahawa asipoenda? Kahawa asipoenda, Baba hawezi kufa! Nilijiona mwerevu kuliko daktari.

Siku ya tatu baada ya Baba kulazwa, pikapu iliingia uani. Shangazi Roselida, dada yake Baba, akashuka na kamba. Mama alikuwa anashinda hospitali, jirani aliyetukamulia alikuwa na haraka na anaacha maziwa kiweleni, kwa hiyo Shangazi alikuwa ameamua kumchukua Kahawa kwake Ziwa mpaka mambo yatulie. Ulikuwa uamuzi wa busara kabisa. Maneno ya jikoni hakuwa ameyasikia.

Nilikimbia bandani nikamng'ang'ania Kahawa shingoni.

"Wewe Nasimiyu, toka hapo, utakanyagwa!"

"Haendi!"

"Haendi kwa nini? Umekuwa mwenye boma lini?"

"Akienda Ziwa, Baba anakufa!"

Kamba ilimtoka Shangazi mkononi. Dereva, ambaye muda wote alikuwa akipiga honi, akazima injini.

"Nani amekwambia hivyo?"

"Baba mwenyewe."

Shangazi alikuwa kiongozi wa maombi, mtu wa kukemea mapepo mchana kweupe. Lakini siku hiyo alimtazama Kahawa kama anayemtazama nyoka, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mwishowe akamwambia dereva, "Rudi tu, baba. Huyu nitamkamua hapa hapa." Alilala kwenye kitanda changu siku kumi na moja, akikoroma na kunibana ukutani, na kila asubuhi alikagua komeo la banda mara mbili.

Baba alirudi amekonda, lakini amepona. Alipohadithiwa, alicheka huku ameshikilia mshono.

"Sikiza, mama," akaniambia. "Nilisema nikifa, ng'ombe aende. Sikusema ng'ombe akienda, nitakufa. Kahawa angeweza kwenda Ziwa hata kusalimia watu, na mimi niko hapa nakunywa uji."

"Na ungekuwa wewe, ungemwachilia?"

Baba alifikiri. "Na vile tumbo lilikuwa linauma? Singemwachilia."

Sasa Baba ni mzee wa mkongojo, nami bado sijajifunza kutulia mahali pamoja. Kila ninapofunga begi, humwambia binti yangu: nisiporudi Jumapili, ufunguo uko kwa jirani, nikikawia zaidi, mpigie babu yako. Juzi alinishika mkono, macho yamemjaa machozi, akaniuliza kwa nini nasema sitarudi. Sikuwa nimesema hivyo. Nilichokuwa nikiwaza ni ufunguo tu, na kwamba asilale nje.

Ndipo nikamwelewa mtu yule aliyeinama mbele ya moto. Mimi na Mama tulisikia "nikifa", tukakwama hapo. Yeye alikuwa amelipita neno hilo zamani, yuko ng'ambo ya pili, kwenye asubuhi ambayo yeye hayupo, akihangaika nani atamkamua Kahawa na kututumia maziwa ya chai.