Dekoderi ya Ng'ambo ya Mpaka

Jambo lote lilikula dola mia moja na arobaini, pikipiki ya kwenda na kurudi ikiwemo, pamoja na wateja wangu wote wa Jumamosi. Nimehesabu mara mbili, wateja hawakuongezeka.

Nilikuwa na sali ya mpira, chumba cha kutazamia mechi kwa kiingilio, huku Mugunga: televisheni, mabenchi, dekoderi ya Kongo yenye karatasi zake zote. Kila mechi kubwa kioo kilikuwa cheusi, na maandishi yakisema haki za kuionyesha hazikununuliwa kwa nchi hii. Ng'ambo ya barabara, mama mmoja muuza mandazi alionyesha mechi hiyo hiyo, kwa dekoderi iliyosajiliwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kwa jina la mukwe wake. Kutoza watu kiingilio kwa kadi ya dekoderi iliyolipiwa ya nyumbani ni marufuku, basi mlangoni hakudai kitu. Aliuza chai. Aliyemaliza chai mapema alitazamwa mpaka akaagiza nyingine.

Bao likiingia, kelele zilivuka barabara zikanikuta na mabenchi yangu. Niliona wivu hata wa birika lake.

Nikavuka mpaka. Muuzaji wa Gisenyi aliomba dola mia mbili. Nikamkata bei hadi mia na ishirini na tano, nikarudi nikijisifu. Kumbe na yeye alikuwa amenikata usajili: dekoderi ilibaki kwa jina lake na simu yake. Kila wiki kampuni ilimtumia namba za siri, kuhakikisha mashine bado iko nchini kwake, naye alinisomea akipenda. Jumamosi ya mechi alikuwa harusini. Nilipiga simu, ikapokelewa na ngoma. Kioo kikabaki cheusi, safari hii kwa Kinyarwanda.

Wateja walisimama mmoja mmoja, wakavuka barabara. Nikafunga mlango, nikawafuata.

"Karibu, muzee," mama akasema bila kugeuka. "Unakuja kuona mpira ao kuhesabu watu?"

"Ninakuja kunywa chai."

"Chai na mandazi mbili. Wenye dekoderi wanalipa mbele."

Nikalipa. Chai ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mapumziko yalipofika nikasogea karibu naye, nikashusha sauti.

"Mama, unishauri. Huyu mukwe wako anaweza kukubali dekoderi ya pili kwa jina lake?"